Nguo Iliyoachiwa Nafasi

Roret tunaishi kwa kilo. Majani ya chai hupimwa kwenye kituo cha kununulia, mahindi hupimwa, sukari hupimwa, misumari hupimwa, na mtoto akizaliwa swali la kwanza ni alikuwa kilo ngapi. Mtu akikuambia leo amechuma arobaini, huulizi arobaini nini. Kwa hivyo niruhusu nianze na kipimo. Nina nguo moja ambayo mwenye duka la jirani aliiweka kwenye mizani yake ya sukari, akaingoja itulie, akasoma: kilo mbili kasoro gramu chache. Nguo moja tu. Haina mikono, haina kofia, na haipiti goti.

Ni kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti ambalo mtu yeyote wa kwetu akiliona huliita sketi, na siwezi kumlaumu. Yangu ni ya sufu nzito, imeshonwa kwa mkono, ina miraba ya kijani kama chai iliyokomaa na buluu ya usiku, na mstari mwembamba mweupe unaokatiza kila baada ya inchi chache. Tangu niilete nyumbani mama ananiuliza swali moja, maneno mawili: ya nini? Nimejaribu kumjibu nikiwa nimesimama, nikiwa nakunywa chai, nikiwa nampelekea kuni. Halijibiki hivyo. Ndio maana nimekaa chini kuandika.

*

Nilijua kilti kwa maneno kabla ya kuigusa kwa mkono. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kuelewana na bonasi ya chai, nikarudi Roret na laptopu yenye betri ya dakika arobaini. Tangu hapo kazi yangu ni kuandika kwa kulipwa. Watu wa mbali wananitumia vichwa vya habari, mimi natuma maneno. Nimeandika juu ya chakula cha mbwa wenye mzio, bima ya meno, mifereji ya paa za nchi ambazo majani huanguka kwa msimu. Kisha siku moja mteja akataka makala kumi na mbili, zote zikijibu swali moja kwa njia tofauti: kwa nini mwanamume atumie pesa nyingi kununua kilti nzito ya kushonwa kwa mkono ilhali kuna nyepesi ya mashine kwa bei ya chini?

Nikasoma. Mtu anayelipwa kwa maneno hujifunza haraka. Nikajua kwamba kilti ya kiume ya kawaida hutumia yadi nane za kitambaa, zaidi ya mita saba. Fundi huchukua yadi nne za jora pana, hukata katikati kwa urefu, kisha huunga vipande viwili. Kitambaa kizito wanakiita cha aunsi 16, kwa sababu yadi moja ya jora pana ina uzito huo, karibu gramu 450. Mbele nguo inakuwa bapa, pande mbili zikilaliana. Nyuma kitambaa chote kinachobaki hukunjwa marinda, na hapo ndipo kazi ilipo. Na nakuomba, msomaji, usicheke: marinda lilikuwa neno la heshima la mafundi kabla mtaa haujalichukua.

Marinda hayo hayakunjwi ovyo. Kuna njia ya kuyakunja ili miraba ya kitambaa iendelee mgongoni kana kwamba hakuna mkunjo hata mmoja. Fundi anapoteza kitambaa kingi ndani ya mkunjo ili nje ionekane hakuna kilichopotea. Kisha anashona kwa sindano kuanzia kiunoni hadi pale nyonga inapoishia, rinda moja baada ya jingine, mishono midogo isiyoonekana mbele. Chini hakuna pindo. Ukingo wa kitambaa, vile ulivyotoka kiwandani, ndio mwisho wa nguo. Pindo lingeongeza unene na kuharibu namna marinda yanavyoanguka.

Uzito ndio unaofanya yaanguke. Kitambaa chepesi huinuliwa na upepo na mikunjo yake hulegea baada ya kukaa mara mbili tatu. Kizito hutembea nawe na ukisimama kinarudi mahali pake. Haya yote niliyaandika mara kumi na mbili, nikibadilisha mpangilio. Bei pia niliijua: kilti ya namna hiyo, mpya, inapita paundi 500. Kwa shilingi ni zaidi ya elfu themanini. Ukipiga hesabu ya shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi, ni zaidi ya tani tatu za chai, zichumwe majani mawili na chipukizi, zibebwe mgongoni hadi kituoni. Mimi nililipwa shilingi mia sita kwa kila makala.

*

Yangu niliipata Litein, siku ya soko, kwenye rundo la mitumba chini ya turubai. Ilikuwa imelala kati ya mapazia na jaketi za watoto. Niliivuta nikidhani ni blanketi, na mkono ukashtuka kwa sababu ya uzito. Kuna vitu mwili hutambua kabla ya akili. Nilikuwa nimeandika neno "nzito" labda mara mia mbili, na hapo ndipo nilipolisikia kwenye kifundo cha mkono.

"Kastoma, hiyo ni ya shule," mama wa mitumba akaniambia. "Uko na msichana?"

Nikamwambia niko naye. Si uongo, nina dada mdogo. Tukaanzia mia nne, tukaishia mia tatu hamsini.

Sikuipeleka nyumbani moja kwa moja. Niliipitisha kwa fundi wetu wa Roret, mzee anayeshonea barazani na cherehani ya kukanyaga, ambaye kila Januari hulala saa tatu tu kwa sababu ya sare za shule. Nilitaka kujua kama kweli imeshonwa kwa mkono au ni maneno tu kama yale yangu. Sikumwambia ni nini. Nikaiweka mezani.

Aliifuta mikono kwanza. Akaigeuza ndani nje. Akavaa miwani, akaisukuma juu, akainama hadi pua ikakaribia kitambaa. Akahesabu marinda kwa kidole: ishirini na saba. Akafuata mshono mmoja kutoka juu hadi mwisho wake bila kusema neno, halafu wa pili. Pikipiki mbili zikapita. Mwishowe akauliza:

"Nani alishona hii?"

"Sijui, mzee."

"Huyu hakuwa na haraka."

Katika makala zangu zote kumi na mbili sikuwa nimeandika sentensi nzuri kama hiyo.

Kisha akaanza kunisomea nguo kama mtu anayesoma barua. Bitana, akasema, ilikuwa ya pamba na imewahi kubadilishwa, kwa sababu uzi wake si wa umri mmoja na uzi wa marinda. Ndani ya kiuno kulikuwa na kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, nacho kimeshonwa kwa mkono. Kwenye bitana mtu alikuwa ameandika kwa wino nambari 14. Nikafikiria bendi, jinsi bendi zinavyopiga nambari mali yake, na vijana kumi na wanne au zaidi wakipanga foleni kwenye stoo. Halafu akanionyesha pale vikanda vidogo vya ngozi vilipofungiwa pembeni. Kando ya kila kimoja palikuwa na vitundu vya sindano, safu mbili, vimejifunga kidogo kama vidonda vilivyopona.

"Vimehamishwa mara mbili," fundi akasema. "Mwenyewe alinenepa, halafu akakonda. Ama ni watu wawili."

Akaikunja taratibu, marinda kwa marinda, akanirudishia kwa mikono miwili, vile watu wa kwetu humpa mtu kitu cha thamani.

*

Kitu ambacho fundi alinionyesha si kigeni hapa. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaijua nguo iliyoachiwa nafasi. Mama anakununulia sweta inayofika magotini. Unalia, unasema watakucheka. Anakuambia: utaijaza. Suruali inakuja na pindo la inchi nne limefichwa ndani, na kila Januari fundi anafumua, anateremsha, na mguuni unabaki mstari mweusi wa mwaka jana. Ukihesabu mistari utajua mtoto yuko darasa gani. Watoto wa familia fulani walikuwa na mistari mitatu, na hatukuwacheka, kwa sababu sisi tulikuwa na miwili.

Ni umaskini, ndiyo, lakini pia ni imani. Mzazi anayenunua nguo kubwa anasema hadharani kwamba mtoto huyu atakuwepo mwaka ujao na atakuwa mrefu zaidi. Na dada zetu wa sekondari, ambao shule nyingi huwavika sketi za miraba za marinda, wanatembea na jamaa ya mbali kabisa ya kilti bila kujua. Tofauti ni kwamba sketi ya shule hushonwa kwa kitambaa chepesi na mashine, marinda yake huhitaji pasi kila Jumapili, na ikimaliza miaka minne imekwisha.

Kilti imeshonwa na mtu aliyefikiria zaidi ya miaka minne. Urefu wake hauongezeki, kwa sababu haina pindo, lakini kiuno chake husogea. Aliyeshona aliamini mwenye nguo atabadilika, na kwamba baada yake kutakuwa na mwenye nguo mwingine. Nikiulizwa ni nini hasa kinachonivuta, nadhani ni hicho. Maisha yangu mengi yameshonwa bila akiba. Chuo kilikuwa na tarehe ya kulipa na baada yake mlango. Kazi zangu zina makataa ya saa kumi na mbili na mteja ambaye kesho anaweza asiwepo. Hata namba yangu ya simu itapewa mtu mwingine nikikaa muda bila kuweka pesa. Kugusa kitu ambacho mtu alikishona akimwachia nafasi mtu asiyemjua kulinipa hisia ambayo sikuwa nimeitarajia kwenye rundo la mia tatu hamsini.

*

Najua kuna watakaosema nimevutwa na hadithi ya Wazungu kuhusu mababu zao. Nilipokuwa chuoni nilikutana na kitabu kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger, kilichotoka mwaka 1983, kuhusu mila zinazobuniwa. Ranger aliandika humo juu ya Afrika chini ya wakoloni. Hugh Trevor-Roper aliandika juu ya Uskoti, na hoja yake iliwaudhi wengi: kwamba kilti fupi tunayoijua si ya kale, bali ilibuniwa karne ya 18 na Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuri la chuma milimani. Kabla ya hapo watu wa milima ya Uskoti walijifunga kitambaa kirefu kisichoshonwa, wakakikaza kwa mkanda, na usiku wakakifungua kulalia. Ukitaka kukipiga picha kichwani, fikiria shuka ya Mmaasai, lakini ya sufu na ndefu mara kadhaa. Miraba maalumu ya kila ukoo nayo ilipata nguvu baadaye sana, hasa baada ya mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na mwandishi Walter Scott kuipanga ziara ile kama tamasha la tartani.

Wapo wanahistoria wanaompinga Trevor-Roper kuhusu Rawlinson. Kisichopingwa ni kwamba mwaka 1746, baada ya uasi wao kuvunjwa Culloden, bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana wa milimani, isipokuwa askari wa jeshi la serikali. Ukikamatwa mara ya kwanza ulikuwa jela miezi sita. Mara ya pili ulisafirishwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Kwa miaka thelathini na sita, njia halali ya mwanamume wa milimani kuvaa kilti ilikuwa kuvaa akiwa askari wa waliomshinda.

Nilimsimulia fundi haya yote nikingoja mvua iishe, kwa sababu huku alasiri huwa na mvua na mvua huwa na mazungumzo. Nilimwambia kuhusu mzozo wa Rawlinson. Akauliza:

"Huyo Mwingereza alishona mwenyewe?"

Nikamwambia hapana, simulizi lenyewe linasema alimwita fundi wa kikosi cha jeshi kilichokuwa Inverness, ndiye aliyekata kitambaa na kushona marinda.

"Basi ni ya fundi," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Kwenye koito za siku hizi, tunapopeleka posa, utaona mavazi ya kitamaduni yaliyoshonwa mwaka jana kwa kitambaa kilichotoka mbali, na wazee waliokuwa watoto wakati ngozi zilikuwa bado zikivaliwa wanayapigia makofi. Hakuna anayedanganywa. Mila ikiwa mpya haina maana ni ya bure. Kinachonisumbua ni nyepesi yake, kwamba nyingi zinakodishwa, zinavaliwa siku moja, na mwaka ujao rangi nyingine.

*

Nguo nzito tulikuwa nayo nyumbani. Babu alikuwa soja wa usiku kwenye shamba kubwa la chai, huko nyuma, na kazi ilimpa kabuti la sufu la kijivu lililofika chini ya magoti. Wazee wengi wa milima hii walikuwa na makabuti kama hayo, mengine yalirudi na askari wa KAR kutoka vitani. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi za usiku chai haijali kama uko kwenye ikweta. Kabuti la babu lilinusa moshi, tumbaku na mvua. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaingia ndani yake watatu.

Babu ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuona kilti. Kampuni nyingi za chai huku zilikuwa za Waingereza, na mkono wa Uskoti ulikuwa dhahiri: James Finlay, iliyoanzia Glasgow mwaka 1750, ilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Mameneja wa mashamba walikuja na desturi zao. Babu alisimulia kwamba usiku mmoja wa mwisho wa Novemba, meneja mmoja alitoka nyumbani kwake kwenda klabu akiwa amevaa sketi. Babu alidhani nyumba imeshika moto na bwana ametoka na nguo ya mkewe. Alisalimu kama kawaida. Gogo akimkumbusha hadithi hiyo, sote tulicheka pale pale. Lakini babu alikuwa na sentensi moja ya mwisho aliyokuwa akiiongeza kicheko kikiisha: "Na kulikuwa na upepo. Haikuinuka." Alikuwa amevaa sufu nzito usiku baada ya usiku, na aliijua akiiona.

Wengi wetu tulifahamu kilti kupitia Idi Amin, ambaye aliwahi kuwa chini ya maafisa Waskoti katika KAR, akajiita mfalme wa Uskoti, na kuwavalisha wanamuziki wa jeshi lake kilti wapige zumari. Filamu iliyotoka mwaka 2006 ikalieneza hilo jina. Mimi naona soja wa Roret, aliyeitazama ile nguo kimya kimya na kutambua uzito wake, aliielewa kuliko rais yule.

Sitaki kusifu uzito tu kwa kuwa ni uzito. Huku tunajua aina nyingine. Mwaka 2022 mahakama ya Court of Session mjini Edinburgh iliruhusu wafanyakazi wa chai wa Kenya kuishtaki James Finlay (Kenya) kwa pamoja, wakidai kwamba kazi ya mashambani ilikuwa imewaumiza mgongo na viungo. Kampuni iliyapinga madai hayo. Niliposoma habari hiyo nilifikiria jinsi ilivyo ajabu kwamba katika mji ule ule ambako mtu anaweza kuchagua kuvaa kilo mbili za sufu kiunoni kwa fahari, majaji walikuwa wakisoma kuhusu kilo zilizobebwa na watu ambao hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Mama yangu huchuma chai yetu wenyewe, nusu ekari tu, na bado jioni huniita nimkande mabega. Kwa hivyo anaponiuliza ya nini, najua anauliza kutoka wapi.

Kabuti la babu liliisha. Alipofariki lilikwenda kwa baba mkubwa. Likapasuka begani, hakuna aliyelishona, likawa la kufunikia gunia, kisha tandiko la ndama. Hakuna wa kulaumiwa. Lilikuwa nguo ya kazi, na kazi ilikuwa imeisha. Lakini natamani leo ningeweza kugeuza bitana yake na kutafuta vitundu vya sindano.

*

Nimeivaa nje mara moja, kutoka nyumbani hadi stendi na kurudi. Wasee wa boda walikuwa wanne chini ya mti.

"Wewe, uko form ngapi?"

"Hiyo ni boarding gani, tulete mdogo wetu?"

Mmoja akauliza kama fensi ya shule imeanguka. Niliendelea kutembea, marinda yakipiga nyuma ya magoti kwa mwendo ambao sijawahi kuupata kwenye suruali yoyote, kama mtu anakusukuma polepole akikuambia nenda. Niliporudi, yule aliyecheka zaidi akaniomba aguse kitambaa. Akakifikicha kati ya vidole viwili, akanyamaza, akauliza kama kuna jaketi ya hiyo. Mtu wa boda anajua baridi ya saa kumi na moja asubuhi.

Kisha likaja jambo lenyewe. Niliweka picha mtandaoni, na kijana mmoja wa Nairobi anayeuza nguo za zamani akanipa ofa: elfu saba, anatuma pesa saa hiyo hiyo. Ilikuwa wiki mbili kabla dada yangu kwenda sekondari. Orodha ya shule ilikuwa imebandikwa ukutani, na nusu yake bado haikuwa na alama.

Mama hakupandisha sauti. Alisimama mbele ya orodha akahesabu kwa kidole. "Godoro. Sanduku. Blanketi mbili. Elfu saba inamaliza." Akanigeukia. "Wewe uko na nguo ya kilo mbili huvai."

Sikuwa na hoja ya kumshinda, na sitajifanya ninayo hapa. Mtu mwenye njaa ya watu wengine nyumbani hawezi kuitetea nguo kwa kusema ni nzuri. Nilichosema ni: "Mama, nipe wiki mbili. Nikikosa elfu saba, iende."

Nikachukua kila kazi iliyokuwepo. Mifereji ya paa, tena. Mashine za kukata nyasi. Makala ndefu ya jinsi ya kuchagua jeneza, ambayo ililipa vizuri kuliko zote. Niliandika usiku kilti ikiwa magotini, kwa sababu chumba changu ni cha mabati na Januari pia ina usiku wake. Siku ya kumi na mbili pesa zikatimia. Nilizituma kwa simu ya mama, naye akaitazama skrini kwa muda, akasema "haya", akaenda kununua godoro.

Kwa hivyo nikiulizwa bei ya kilti yangu, sisemi mia tatu hamsini. Nasema elfu saba mia tatu hamsini, na hiyo naona ndiyo bei ya haki. Nilichonunua kwa ile elfu saba ni ruhusa ya kuwa na kitu kimoja kizuri bila mtu mwingine nyumbani kulala chini.

Nilimrudia fundi anihamishie vikanda, maana kiuno changu ni chembamba kuliko cha nambari 14. Alitumia sindano ya mkono, dakika arobaini kwa kazi ambayo mashine ingefanya kwa tatu. Nilimwuliza kama atavifunika vile vitundu vya zamani. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe unataka kufuta wenzako?" Akaviacha. Sasa kuna safu tatu.

Dada yangu alipokuja likizo fupi aliikuta imetundikwa nyuma ya mlango. Akaijaribu bila kuniuliza, kama wadogo wafanyavyo. Ilimzunguka mara moja na nusu na kushuka hadi karibu na vifundo, akawa anaishikilia kwa mikono yote miwili isimwangushe.

"Ukizeeka utanipa?" akauliza.

Nilikuwa natafuta la kusema. Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi, hakuinua hata kichwa.

"Wacha kwanza akue," akasema. "Ataijaza."